Kwenye karatasi napata 18, mbele ya wageni naumbuka

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mtembeza wageni hapa Bagamoyo. Njia yangu ya kawaida ni Misheni, boma la Wajerumani, Ngome Kongwe, halafu Kaole. Kiingereza changu ni cha kiwango cha kati: salamu, bei, muda, kuelekeza njia, hayo hayanisumbui. Kinachonisumbua ni vishazi rejeshi, yaani sentensi za "who", "which", "that", "where" na "whose". Nikipewa zoezi la kujaza nafasi lenye maswali 20, napata 17 au 18. Nikifungua mdomo mbele ya wageni, yanatoka haya. Nimejirekodi kwa simu na kuandika kama yalivyo (Livingstone ni yule mpelelezi Mskoti, na Susi, Chuma na Wainwright ni wahudumu wake walioleta mwili wake hapa):

"The missionaries who they came in 1868 built this tower."
"This is the boma which built the Germans."
"There were two men who their names were Susi and Chuma."
"This is the tower which they put the body of Livingstone there."
"Livingstone that he died in 1873 never saw Britain again."
"I will tell you everything what I know."
"The graves which you will see them at Kaole are very old."
"The man who read the prayers he was Jacob Wainwright."

Wageni wananielewa, lakini kwenye ile ya boma wanacheka. Naomba unisaidie: kwa nini kwenye karatasi napatia na mdomoni nakosea? Ni wakati gani naweza kuiacha hiyo "which" au "that" kabisa? Hiyo "whom" ni lazima? Na nifanye mazoezi gani peke yangu, nusu saa kwa siku, bando likiwa si la uhakika?

Mtembeza wageni, Bagamoyo

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kujirekodi, maana bila hizo sentensi nane ningekujibu kwa kubahatisha.

Zoezi la kujaza nafasi linakuuliza jambo moja tu: hapa ni "who" au "which"? Hilo unalijua. Kosa lako linakuja baada ya neno hilo. Zipitie tena sentensi zako. Katika sita kati ya nane kuna kineno cha ziada: "they", "their", "there", "he", "them", na "he" tena. Hakuna zoezi la kujaza nafasi litakalokukamata hapo, kwa sababu anayelitunga ameshakuandikia sentensi nzima bila hicho kineno. Ndiyo maana unapata 18 na bado unaumbuka.

Hicho kineno kinatoka kwenye Kiswahili chako, na Kiswahili chako hakina kosa lolote. Chukua "makaburi mtakayoyaona". Likate neno: m-taka-yo-ya-ona. "Yo" ni kirejeshi, kazi yake ni ile ya "which". "Ya" inayofuata ni yambwa, inarudia makaburi yaleyale mara ya pili. Sisi tunarudia bila wasiwasi. Kiingereza hakirudii. Ukitafsiri kila kipande unapata "which you will see them", na hiyo "them" ndiyo "ya" yako. Vivyo hivyo "waliokuja": ile "wa" ya mwanzo umeigeuza kuwa "they", ukapata "who they came".

Fikiria bao. Ukishachota kete shimoni, shimo linabaki tupu, huwezi kuzihesabu mkononi na bado ukazihesabu shimoni. "Them" imechotwa ilipokuwa, ikaletwa mbele, ikageuka kuwa "which". Pale ilipotoka pawe patupu:

"The graves which you will see ___ at Kaole are very old."

Unapoandika mazoezi yako, lichore hilo shimo kwa mstari hivyo hivyo. Kwenye "The missionaries who ___ came in 1868" shimo liko mara tu baada ya "who", kwa kuwa aliyehamishwa ni mtenda. Kwenye makaburi liko baada ya "see", kwa kuwa kilichohamishwa ni mtendwa. Ukijua shimo liko wapi, nusu ya maswali yako yamejibika.

Sentensi ya mwisho, ya Jacob Wainwright, ina kineno cha ziada cha aina nyingine, na hicho ni king'ang'anizi kuliko vyote. "Who read the prayers" umeitamka safi. Kishazi kikaisha, ukatafuta kitenzi kikuu, Kiswahili kikakunong'oneza "a-likuwa", nawe ukasema "he was". Lakini mtenda wa "was" ni kifungu chote kilichotangulia, "the man who read the prayers". Hahitaji "he". "The man who read the prayers was Jacob Wainwright." Kadiri kishazi kinavyorefuka ndivyo kishawishi cha kuchomeka "he" au "they" kinavyokua, kwa sababu masikio yameshamsahau mtenda.

Sasa boma. "This is the boma which built the Germans" maana yake boma ndilo lililowajenga Wajerumani, ndiyo sababu wanacheka. Hapa hakuna kineno cha ziada, mpangilio ndio umepinduka. Tunasema "boma walilolijenga Wajerumani": o-rejeshi (ile "lo" ya "walilolijenga") inang'ang'ania kitenzi, mtenda anasukumwa nyuma. Kwa Kiingereza mtenda lazima atangulie kitenzi. Dawa yake unayo ndani ya Kiswahili chenyewe: kabla ya kufungua mdomo, geuza kwa amba-. "Boma ambalo Wajerumani walilijenga." Tazama mpangilio: boma, ambalo, Wajerumani, walijenga. Ndio huohuo wa Kiingereza: "the boma which the Germans built". Ondoa ile yambwa "li", umemaliza. Wako walimu wa Kiswahili wasiopenda amba- nyingi katika maandishi, nami nakubaliana nao. Ila kama daraja la kuvukia kwenda Kiingereza, amba- haina mfano.

Katika "whose" kineno cha ziada kimemezwa ndani ya neno lenyewe. "Ambao majina yao": usitafsiri "ambao" peke yake na "yao" peke yake. Vyote viwili kwa pamoja ni "whose". "Two men whose names were Susi and Chuma." Baada ya "whose" linakuja jina moja kwa moja, bila "the", bila "their". Karirishe ulimi kwa mifano ya kazi yako: "Livingstone, whose heart was buried in Chitambo's village", "a town whose old doors are carved". Jihadhari na maandishi tu, kwani "whose" na "who's" hutamkwa sawa, na hiyo ya pili ni kifupi cha "who is" au "who has".

Mnara: "This is the tower where they put Livingstone's body." Ukiwa na "where", "there" haina nafasi, wala "in it".

Hapa kuna jambo ambalo halimo katika sentensi zako lakini litakufuata ukianza kusema zaidi. Kiswahili huficha kihusishi (neno kama "to", "with" au "in") ndani ya kitenzi. "Mtu niliyemwandikia": ile "-i-" ya kauli ya kutendea imebeba "to". Kwa Kiingereza inabidi uitoe nje na kuiweka mwishoni: "the person I wrote to". "Kisu nilichokatia" ni "the knife I cut it with", ambapo "it" ni kile kitu kilichokatwa. Kisu chenyewe hakirudiwi. "Wageni niliokuja nao" ni "the guests I came with", bila "them". Na kuna pale ambapo Kiswahili hakionyeshi kihusishi chochote: "nyumba ninayoishi". Hapo watu wengi husema "the house which I live", nayo imepungukiwa. Ama useme "the house I live in", ama "the house where I live". Ukichanganya yote mawili, "the house where I live in", umezidisha. Ushauri wangu: ukisikia kauli ya kutendea au "na-" katika Kiswahili chako, jiulize kihusishi chake ni kipi, kisha usikidondoshe njiani.

Umeuliza lini unaweza kuacha "which", "who" au "that". Angalia neno linalofuata. Likiwa kitenzi, usiache: "the boat that goes to Zanzibar". Likiwa jina au kiwakilishi kama "we", "you", "the Germans", unaweza kuacha: "the boat we took", "the boma the Germans built", "the graves you will see at Kaole". Wenyeji wa lugha hiyo, wakizungumza, huacha mara nyingi, na ukiacha nawe mazungumzo yako yatakuwa mepesi. Lakini "There is a man wants to see you" ni kosa, kwa sababu baada ya "man" inakuja "wants". Kihusishi kikitangulia, kirejeshi hakiachwi, kwa hiyo "the people with whom we travelled" haikatiki vile ilivyo. Igeuze kwanza iwe "the people we travelled with".

"Everything what I know" inatokana na "alichosema" na "ninachojua", ambavyo vinaweza kusimama vyenyewe bila jina mbele. Kanuni ni fupi. Kukiwa na jina au neno kama "everything", "all", "something" mbele, tumia "that" au acha kabisa: "everything I know". Kusipokuwa na kitu mbele, ndipo "what" inaingia: "I will tell you what I know". Zote mbili ni sahihi, mchanganyiko wake ndio mbaya.

Imebaki ya Livingstone. Aliyefariki mwaka 1873 ni Livingstone mmoja tu, mgeni hahitaji kuuliza "yupi?" Kishazi chako kinaongeza habari tu, hakimtofautishi na wengine. Kishazi cha namna hiyo huzungukwa na mkato pande zote mbili, hakikubali "that", na "who" yake haiachwi kamwe: "Livingstone, who died in 1873, never saw Britain again." Wala usidhani mkato ni pambo. "The tourists who came by dhow were tired" ni baadhi ya watalii, wale waliokuja kwa jahazi, na wengine walikuja kwa gari. "The tourists, who came by dhow, were tired" ni watalii wote. Kiswahili hutumia umbo lilelile kwa maana zote mbili, kwa hiyo sikio letu halijazoea kuitafuta tofauti hii. Mdomoni mkato husikika kama kituo kidogo na sauti inayoshuka kidogo. Kwa majina ya watu na ya mahali (Livingstone, Kaole, Bagamoyo) karibu kila mara utahitaji mkato.

Kwa mazoezi, nunua manila moja. Ukikunja nusu kwa nusu mara tano unapata vipande 32 (kunja mara mbili, kata, halafu endelea na kila kipande, maana mkunjo wa tano kwa manila nzima ni wa kugombana nao). Upande mmoja wa kila kadi andika kifungu cha Kiswahili kwa o-rejeshi, kama unavyokisema kila siku. Upande wa pili andika Kiingereza chake na uchore shimo. Zigawe hivi: 8 za mtenda ("wamisionari waliokuja 1868"), 10 za mtendwa ("boma walilolijenga Wajerumani"), 6 zenye kihusishi ("wageni niliokuja nao"), 4 za "whose", 4 za "where". Za mtendwa ni nyingi kwa sababu ndiko unakougua zaidi: yambwa ya ziada na mpangilio uliopinduka vyote vinatokea huko. Vifungu vitoke kwenye matembezi yako mwenyewe. Usijaze kadi sentensi za kitabuni kuhusu theluji.

Wiki ya kwanza sema kifungu tu, si sentensi nzima. Soma Kiswahili kwa sauti, jipe sekunde tano, sema Kiingereza kwa sauti, geuza kadi. Ukiwa umeongeza hata neno moja, kadi haiendi chini kabisa ya rundo. Irudishe nafasi ya nne kutoka juu, ukutane nayo tena baada ya kadi tatu kabla hujaisahau. Kadi uliyoipatia siku tatu mfululizo ihamishie kwenye bahasha, na uitoe tena Jumamosi kuikagua. Changanya rundo kila siku, la sivyo utakariri foleni ya kadi ukadhani umejua lugha.

Wiki ya pili ongeza mkia. Kifungu kilekile, sasa kifuatwe na kitenzi kikuu: "The boma the Germans built is over there." Hapa ndipo "it is" na "he was" zitajaribu kuchomoza. Ukihisi zinakuja, tua kidogo baada ya kifungu, kisha rukia "is" au "was" moja kwa moja.

Wiki ya tatu jirekodi dakika mbili ukieleza kituo kimoja, tuseme Misheni, bila kusoma. Kisha sikiliza mara mbili. Mara ya kwanza tafuta maneno ya ziada peke yake, kila moja piga alama ya penseli daftarini. Mara ya pili sikiliza mpangilio tu. Ukisikiliza makosa yote kwa mkupuo hutakamata hata moja vizuri. Andika tarehe pembeni ya alama, na mwisho wa wiki linganisha.

Nusu saa yako igawe dakika 5 za kuandika kadi mpya au kusahihisha za zamani, dakika 15 za kadi kwa sauti, dakika 10 za kurekodi au kusikiliza. Siku sita, moja pumzika. Hakuna bando linalohitajika hapo. Ukipata Wi-Fi ya bure, BBC Learning English wana vipindi vifupi vyenye maandishi yake yote. Pakua kimoja kwa wiki, pigia mstari kila kishazi rejeshi, na kila penye shimo chora alama. Zitafute hasa zile ambazo "that" imeachwa, maana hizo ndizo zinazokupita sikioni.

Jambo la matamshi: ndani ya kishazi, "who", "which" na "that" hazikaziwi. Ukikazia "WHO", mgeni anasikia swali. "That" ianze kwa dh yako ya "dhahabu", uipitishe haraka bila kuipa uzito. Sisi wa pwani sauti hiyo tunayo tayari, wengine wanaisotea. Na usiongeze irabu mwishoni: "which" haimalizikii kwa i, na hiyo i ya ziada ndiyo inayofanya "which is" itoke mdomoni kama maneno matatu.

"Whom" huilazimiki. Ni lazima pale tu kihusishi kinapotangulia, "with whom", na wewe mbele ya wageni utasema "the people we travelled with". Itambue ukiisoma, basi.

Na siku ikikuteleza katikati ya maelezo, usiombe radhi wala usirudi mwanzo. Ikate sentensi mbili: "This is the tower. They put Livingstone's body here in February 1874." Kiingereza safi kabisa. Hata usipoteleza, usitundike vishazi rejeshi kila mahali. Viweke pale mgeni anapohitaji kujua kipi: "the door you see on the left", "the grave that has a pillar". Habari nyingine zitoke kwa sentensi fupi, watazishika vizuri zaidi hasa wale ambao Kiingereza si lugha yao pia.